Kinasa Sauti

Viatu nimeviacha mlangoni, ndani ya kisanduku chenye jina langu
waliloliongezea irabu hadi likaota mkia: Desumondo.
Ndara za shule zinakoma katikati ya unyayo.
Visigino vyangu vinaambulia baridi, korido nzima.

Kazi yangu ni kinywa.
Mwalimu Onodera hufungua ukurasa wa arobaini na moja,
hunitazama. Nasema.
Watoto ishirini na wawili wanasema.
Nasema tena, wanasema tena,
Kiingereza kinakwenda ukutani na kurudi kama mpira,
na tukifika chini ya ukurasa
hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Nisipoitwa darasani huketi mbele ya kabati la mafaili
nikikata picha za wanyama. Watoto huniuliza
kama kwetu Dominika twiga ni wengi.
Naibu mkuu akipita huinamisha kichwa,
nami nainamisha changu, chini zaidi kidogo,
naye chini zaidi ya changu.
Tungefika sakafuni kama simu isingelia.

Ila saa ya usafi ni saa yangu ya kufundishwa.
Kila mtu na tambara lake, na ndoo, na maji yanayokata vidole.
Kasai Shiori alinipokonya langu: sivyo, mwalimu, hivi,
ngumi juu ya ngumi, nyonga, nyonga,
mpaka tone la mwisho. Nilipojilowesha suruali
akacheka.
Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake
isiyotoka kitabuni.

Mwezi wa Aprili niliwafundisha salamu kwa makofi.
U hali gani? Pa.
Njema, asante, na wewe? Pa, pa, pa.
Walijua kuipiga kabla ya kujua inauliza nini.

Februari theluji ikapanda hadi usawa wa madirisha.
Kiti cha Shiori kikawa wazi siku tatu.
Karibu na jiko la mafuta ya taa, Mwalimu Onodera
alinieleza neno moja moja, kama mtu avukaye mto kwa mawe:
babu yake. Ngazi. Mtufaha.
Alikuwa anapogoa.
Kisha akaniomba radhi kwa sarufi yake.

Alhamisi Shiori alirudi, na Alhamisi ndiyo siku ya mtihani wa kuzungumza.
Viti viwili kwenye korido, pumzi zetu zikionekana,
na karatasi yenye safu tatu magotini pangu:
matamshi, ufasaha, kumtazama mtu machoni.
Swali la kwanza lilikwishachapwa. Sikuwa na ujasiri wa kuliruka.

U hali gani?

Akanyoosha mgongo.
Njema, asante. Na wewe?

Kila silabi mahali pake. Hata lile pindo la sauti mwishoni,
ambalo ni la mama yangu, la veranda yetu, la jikoni kwetu,
lilikuwa kinywani mwa mtoto wa mashamba ya tufaha
ambaye jana alikuwa ameokota mifupa kwa vijiti
katika jivu la babu yake.
Matamshi: tano juu ya tano. Niliandika. Mkono uliandika.

Naye alikuwa anangoja.
Alikuwa ameniuliza na mimi.
Mwaka mzima watoto ishirini na wawili waliniuliza kila siku na mimi,
na sikumbuki kama nilimjibu hata mmoja.

Leo si njema, nikasema. Leo ni mbaya kidogo.

Akatazama visigino vyangu.
Tena, akasema.
Nikasema tena, taratibu.
Leo, akasema. Leo ni mbaya.
Tena.
Leo ni mbaya kidogo.
Leo ni mbaya, akasema,
na lile neno la mwisho akaliacha kwangu.

Hatakeyama alikuwa amekohoa mara mbili nyuma ya mlango.
Shiori akainama, akasogeza kiti palipokuwa.
Safu ya ufasaha sikuijaza.
Mwalimu Onodera aliiona, akachukua kalamu yake,
akaifunga tena.